Kiti cha Mfiwa

Chuoni binti yangu aliniita Madam. Tulikubaliana hivyo mezani, nyumbani kwetu Kitaji, Musoma, kabla hajaripoti mwaka wa kwanza, na wazo lilikuwa lake. Hakutaka mtu yeyote kule chuoni Butiama aje aseme kwamba amepata chumba kizuri au alama nzuri kwa sababu mama yake ni mshauri wa wanafunzi. Nikamwambia sawa, na mimi basi nitakuita kwa namba yako ya usajili. Akacheka, lakini neno lake alilishika kuliko mimi nilivyolishika langu. Tukikutana kwenye korido alipunguza mwendo, akainamisha kichwa kidogo, "Shikamoo Madam," na mimi nikaitikia marahaba utadhani sikumtafutia soksi asubuhi ile ile ya Jumatatu kabla hatujaondoka Musoma. Kuna wafanyakazi wenzangu waliomaliza mwaka mzima hawajui kwamba yule ni mwanangu. Leo ningetoa chochote nilicho nacho niisikie hata hiyo Madam.

Alizaliwa na selimundu. Waliowahi kuishi na ugonjwa huo nyumbani wanajua maisha yake: maji mengi, vidonge vya foliki kila siku, asipigwe na baridi, asichoke kupita kiasi, na homa ikipanda usisubiri kesho. Baba yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi, tukamzika kwao Murangi, na kuanzia hapo nikawa mama wa ratiba. Nilibandika ratiba kwenye friji, kwenye mlango wa chumba chake, hata ndani ya kifuniko cha sanduku lake la bweni. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na woga mwingi, na ratiba ilinisaidia nisimpigie mtoto makelele kutwa. Yeye aliigeuza utani. Nikimpigia simu kumuuliza kama amekunywa maji ananijibu kwa sauti ya ofisini, "Kikombe cha pili kimetekelezwa, Madam, taarifa inafuata." Halafu anakata simu kabla sijamuuliza kuhusu sweta.

Ofisi yangu ndiyo inayosimamia mafunzo ya viongozi wa wanafunzi. Kila serikali yao mpya ikishaapishwa tunawakalisha darasani, tunawafundisha katiba yao, namna ya kuendesha kikao, namna ya kusuluhisha ugomvi wa bweni bila kuuongeza. Juu ya hayo mimi niliongeza somo ambalo sikulikuta kwenye mwongozo wowote: jinsi ya kutoa salamu za rambirambi.

Sababu yake ilikuwa aibu niliyoishuhudia. Mwanafunzi akifariki, chuo hutoa gari, tunamsindikiza hadi kwao, sisi wafanyakazi wachache pamoja na viongozi wa wanafunzi, na kabla ya mazishi kiongozi wao husimama kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Sasa safari moja tulikwenda kijiji kimoja upande wa Bunda, kwa wakulima wa pamba. Rais wa wanafunzi wa wakati huo akasimama, akatoa simu, akasema itifaki imezingatiwa. Akaanza kusoma mafanikio ya serikali yake. Alieleza habari za taa za bweni na za ligi ya mpira, akasema marehemu ametutoka wakati matunda yanaanza kuonekana, na ameacha pengo lisilozibika. Baba wa marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kwa upole, "Kijana, mwanangu ulimfahamu?" Yule kijana akajibu kwamba hakubahatika.

Tangu hapo nikawa nafundisha. Niliwaambia msisome kwenye simu, mwenye msiba atadhani mnachati. Lile pengo lisilozibika nililipiga marufuku. Niliwaambia mtafute jambo moja dogo ambalo kweli mlimwona marehemu akilifanya, mlitaje, mkae chini. Na mkizungumza mtazameni mfiwa, hata kama macho yake yanawatisha. Mazoezi tuliyafanya kweli kweli, na kiti kimoja mbele ya darasa tulikiita kiti cha mfiwa.

Ukafika wakati wa kuandika mpango mkakati mpya wa chuo. Wa zamani ulikuwa unamaliza miaka yake mitano, tukapelekwa Bunda kwenye ukumbi wa hoteli kwa warsha. Mimi nilipangwa kundi la huduma za wanafunzi. Napenda mipango, sitasema uongo. Napenda kuona miaka imekatwa vipande na kila kipande kimepewa mwenyewe. Hata kwenye karatasi zile nilikuwa napiga hesabu zangu za siri: mpango huu ukifika katikati mwanangu atakuwa amehitimu, ukifika mwisho atakuwa kazini, pengine ameolewa. Nikaandika somo langu la rambirambi kwenye orodha ya shughuli, nikaamini litapita tu.

Mwezeshaji alitoka Dodoma, mtu mwerevu, suruali imenyooka pasi, haachi kalamu. Akafika kwenye mstari wangu, akasimama.

"Madam, hili ni zuri. Ila kiashiria chake ni kipi?"

Nikamwambia kiashiria ni kwamba wafiwa wasidharauliwe.

"Nakuelewa. Lakini tunalipimaje? Tunahitaji hali ya sasa na shabaha. Tuseme, tunalenga misiba mingapi kwa mwaka?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sidhani alikusudia ubaya, na yeye mwenyewe aliishia kucheka. Pale ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya mambo yasiyo na nafasi, waliyoiita maegesho. Akasema tuliegeshe kwanza, akaliandika pale, chini ya suala la mbuzi wa wanakijiji wanaokula bustani ya utawala. Somo lile lilikuwa na maana kwangu kuliko yote niliyokuwa nimefanya chuoni, na likitoka kwenye mpango lingekosa muda kwenye ratiba ya mafunzo, na likikosa muda ndiyo limekufa.

Nikarudi Butiama nikiwa nimevimba. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na darasa la viongozi wapya, na binti yangu alikuwemo. Walikuwa wamemteua waziri wa afya wa serikali ya wanafunzi, jambo ambalo alilisimulia Kitaji nzima huku akijishika kiuno. Rais wao alikuwa kijana wa Guta, mrefu, mpole, amekulia kwenye pamba na ng'ombe, mwenye kura nyingi na maneno machache. Nikaweka kiti cha mfiwa mbele, nikauliza nani atakuwa marehemu.

Vichwa vikainama. Hapo ndipo somo langu lilipokuwa linakwamia kila mwaka. Huwezi kumwambia kijana wa Mara akubali jina lake litajwe kwa habari ya kifo akiwa mzima wa afya. Hatajitaja yeye, hatamtaja ndugu yake, hata jina la kubuni atakwambia lipo kwao. Miaka iliyopita tulizoea kusema "marehemu fulani," na zoezi linakuwa baridi, kwa sababu fulani hana mama.

Binti yangu akanyoosha mkono. "Madam, tumieni mimi. Mimi sina shida."

Wenzake walimrukia. "We! Acha hizo! Usijitabirie!" Rais wao alisimama kabisa. "Hapana bwana, hayo maneno kwetu hatusemaga." Na mimi nikasema hapana, kwa sauti ya Madam, huku nimekishika kiti cha mfiwa kwa mikono miwili. Yeye tu ndiye aliyekuwa ametulia. Alinitazama kidogo, akaona nilivyo, akanihurumia.

"Basi azikwe Mpango Mkakati," akasema. "Si unaisha mwezi huu? Na mama yake huyo hapo, tangu Bunda amenuna."

Darasa zima likapiga makofi. Nikakalishwa kwenye kiti cha mfiwa, mama wa Mpango. Rais akasukumwa mbele, akasema, "Madam, mimi msiba naogopaga, maneno yananikauka." Basi binti yangu akasimama nyuma ya bega lake la kulia akawa anamnong'oneza mstari mmoja mmoja, na yule kijana anautoa kwa ile sauti yake nzito isiyo na utani hata chembe. Marehemu Mpango Mkakati alizaliwa kwenye semina, mtoto wa kamati yenye watu wengi. Alilelewa ndani ya droo. Alitolewa nje mara chache, hasa wageni wa wizarani walipokuja. Hakumkosea mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsoma. Aliugua bajeti kwa muda mrefu, akalazwa kwenye kamati ndogo, hali ikabadilika.

Tulivunjika mbavu. Mimi mwenyewe nilikuwa nafuta machozi kwa kitambaa. Rais akainamisha sikio, akasikiliza mstari wa mwisho, akanitazama usoni kama nilivyomfundisha.

"Ameacha mama," akasema, "aliyeketi mbele yetu, ambaye atalia kwa kufuata ratiba."

Nyuma ya bega lake niliona meno ya binti yangu.

Homa ilimshika kwenye kipindi cha upepo, asubuhi za Butiama zilipokuwa na baridi kali. Wenzake hawakusubiri kesho, na hilo nawashukuru mpaka naingia kaburini. Walimkimbiza hospitali Musoma, mimi nikafuata kutoka kikaoni. Nilimkuta amewekewa maji na hewa, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Alifumbua macho, akatazama kifuani kwangu, na mimi nikatazama. Nilikuwa bado nimevaa kitambulisho cha kazi.

"Vua hicho," akaniambia. "Leo nataka mama."

Nikakivua, nikakitia mfukoni, nikamshika mkono. Madaktari walifanya walichoweza. Alasiri, watu wakiwa wanaingia na vyakula vya wagonjwa wao, aliniachia mkono.

Sikulia. Mpaka leo kuna watu Murangi wanalizungumza hilo. Tulimpeleka kulala karibu na baba yake, na shemeji zangu walikuwa wameshafunga turubai, na mama mkwe wangu alianza kuomboleza gari likiwa bado barabarani. Kwa desturi za kule mwanamke aliyefiwa husikika. Mimi nikashuka, nikasalimia, nikaomba nione ratiba ya mazishi. Ndiyo, niliomba. Walikuwa wameweka chakula kabla ya ibada, nikawaambia si sawa, wageni wa Butiama watachelewa kurudi. Nikauliza maji ya kunywa yamewekwa wapi. Nilikuwa nimejikaza kisabuni, nikiamini nikitulia kidogo tu nitaanguka. Nikamsikia shemeji yangu mmoja akimwambia mwenzake, "Huyu mama mbona kama ni mgeni rasmi?" Nilikaa kwenye kiti changu, mbele, upepo wa ziwa ukipiga turubai, na ndani yangu hakukuwa na kitu.

Wanafunzi walijaza basi la chuo. Familia ilipomaliza, mshereheshaji akamwita mwakilishi wao, na yule kijana wa Guta akaja mbele. Hakushika simu wala karatasi. Alisimama mahali pale pale ambapo angesimama darasani, hatua chache kutoka kwenye kiti changu, akanitazama.

"Mama," akasema. Hakusema Madam. "Mimi ndiye rais wa wanafunzi. Kwetu ni Guta. Mwenzetu kwenye kikao alikuwaga anakuja na dumu la maji. Anamimina, kila mtu kikombe chake, hata kama huna kiu. Anasema yeye ni waziri wa afya, kikao kikavu atakifunga. Sisi tulikuwa tunamcheka. Lakini tulikuwa tunakunywa."

Hilo nilikuwa silijui. Vikao vyao nilikuwa siingii, ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Ile ratiba yangu ya kwenye friji, aliyoidhihaki miaka yote, alikuwa ameichukua akaenda kuwagawia wenzake.

Nadhani yule kijana alitaka kumaliza, na maneno ya kumalizia aliyokuwa nayo kichwani yalikuwa yale tu aliyowahi kufundishwa.

"Ameacha mama," akasema, "aliyeketi mbele yetu, amba..."

Akasimama. Niliona anakumbuka. Na nikaona kitu ambacho sitakisahau, kijana mrefu vile anageuza kichwa taratibu kuelekea bega lake la kulia, anainamisha sikio, anasubiri anong'onezewe. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wanafunzi wote waliokuwa darasani siku ile walielewa kwa pamoja, nikasikia pumzi zao zikikatika.

Sijui ni nani aliyenisukuma. Nilisema mimi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye majiko: "Ambaye atalia kwa kufuata ratiba."

Halafu nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, mdomo wazi, mbele ya jeneza la mwanangu, mbele ya mchungaji na ukoo mzima wa mume wangu. Nilimsikia yeye. Kwa muda ule mfupi nilimsikia kabisa, na kiburi chake na meno yake, na nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kisha mlango ukafungwa na kile kicheko hakikuwa tena kicheko. Nikaanguka mchangani nikalia hadi sauti ikanipotea. Shemeji zangu walisema akili imeruka, wakataka kunipeleka ndani. Mama mkwe alikataa. Aliacha kuomboleza, akaja kukaa chini pembeni yangu, miguu imenyooshwa, akamwuliza yule kijana wa Guta, ambaye naye alikuwa analia, ni maneno gani yale.

Akaelezwa yote, mpango, semina, droo, mama aliyenuna. Aliyasikiliza kwa makini kama anasikiliza shauri.

"Alikuwaga na mdomo huyo," akasema mwishowe. "Kama babake." Na yeye akacheka kidogo, akanifuta uso kwa khanga yake. "Lia, mkwe wangu. Ratiba imefika."

Miezi ilipita. Mpango mkakati mpya ukakamilika, ukaletwa mezani kwetu kwa ajili ya kuupitisha. Nilifungua sehemu yangu nikakuta somo la rambirambi limo, limetolewa kwenye maegesho, limepewa mstari wake na kiashiria chake, idadi ya viongozi waliopata mafunzo. Hakuna aliyeniambia. Watu kikaoni walikuwa wanatazama karatasi zao kwa bidii. Nilipaswa kushukuru, na kwa mdomo nilishukuru, lakini moyoni nilikasirika sana. Niliona bei iliyolipwa ili mstari ule uingie. Tena sikuweza kujizuia kuitazama ile miaka mitano, imepangwa vizuri, hadi ule wa katikati na ule wa mwisho, na ndani yake sikuwa na mtu wa kumngojea.

Basi nikaingia darasani na kundi jipya. Hawa hawakuwepo siku ile ya kumzika Mpango, habari zake walizisikia tu, na walikuwa wamenikalia kwa adabu ya kupita kiasi. Mmoja wao alikuwa ameleta dumu la maji. Alipita anamimina, kila mtu kikombe, akaja mpaka kwangu. Nikamwuliza nani amemwagiza. Akasema hajaagizwa na mtu, Madam, amekuta ndio utaratibu wa vikao.

Nikayanywa yale maji. Nikaweka kiti mbele. Nikauliza, kama kila mwaka, nani atakuwa marehemu, na wao, kama kila mwaka, wakainamisha vichwa, wakatazama viatu vyao. Hakuna jina lililotoka. Wangekaa hivyo mpaka jioni.

"Msihangaike," nikawaambia. "Mwaka huu jina ninalo."

Nikalitaja lote, la kwake, la baba yake na la ukoo. Nikavua kitambulisho, nikakitia mfukoni, nikaenda kukaa kwenye kiti cha mfiwa nikawasubiri waanze.